Daftari la Sabuni

Dukani, 9 Februari

Mke mwenzangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Sisi huku ni wazima, ukiondoa goti langu la kulia lililokosa adabu, na macho ambayo siku hizi yananionyesha chumvi na sukari kuwa ni mtu na dada yake. Babu yako, mume wetu, angekuwa hai angenicheka mpaka akohoe. Kazi umepata? Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niambie unakula nini.

Usishangae mwandiko kuwa mzuri, si wangu. Nimepata karani. Ni binti wa pili wa fundi cherehani wa mlango wa tatu, yule mtoto aliyekuwa akilia kila akikuona. Sasa ana miaka kumi na mitatu, anaandika kama mashine na ana maswali kuliko hakimu. Akitoka shule anapita hapa, ananisomea barua yako mara mbili, kisha ananiandikia jibu. Simu yako naisikia nusu, bora barua, hiyo nasomewa mpaka niridhike, na dereva wa gari la bidhaa amekubali kuzibeba. Kwa kila barua Karani anachagua kitu kimoja cha rafu ya chini kama tuzo: peremende, penseli au biskuti. (Mimi huchagua biskuti. Karani.)

Jana alikuja kijana wa fundi bomba na sharubu zake tatu, anataka sigara, sauti ameishusha mpaka kifuani. Nikamwambia angoje, nikatoa daftari la sabuni. Ana miaka kumi na saba na miezi miwili. Nikamtuma akanisalimie mama yake. Karani hajawahi kuliona daftari hilo, ikabidi nimweleze. Tangu nilipofungua duka, kila mtoto anayezaliwa mtaa huu huletwa kwangu akiwa mchanga, nami nampa mche mmoja wa sabuni na kuandika siku aliyozaliwa. Sheria ilipokuja kusema sigara na kila chenye nikotini ni kuanzia miaka kumi na minane, wenye maduka wengine walianza kudai vitambulisho. Mimi sidai kitu, nafungua ukurasa. Wananichukia kwa mwaka mmoja au miwili, halafu wanazoea.

Karani ameomba aone ukurasa wake. Ameusoma, akauliza kama ile sabuni ilikuwa ya kufulia au ya kuogea.

Ni mimi bibi yako,
Mke mkubwa


Chumbani kwangu, 21 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limerudi darasani. Mimi ni mzima. Nakula maharage, mboga za majani, na Jumapili yai. Umeridhika? Mume wetu simlilii tena, lakini picha yake nimeiweka juu ya sanduku, ananiangalia ninavyopiga pasi vibaya.

Bibi, kazi nimepata, mwezi wa pili huu, nilingoja kwanza niwe na uhakika! Baada ya miezi saba ya kupanda na kushuka ngazi za watu nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, ghorofa ya pili, juu ya ghala. Nina meza, droo yenye ufunguo, na feni inayotikisa kichwa kutwa kama inakataa kila ninachoandika. Kazi yangu ni kutunga maneno ya kwenye makopo na maboksi. Nimeanza na dawa ya kung'arisha viatu, sasa nimepewa kitu kipya ambacho kampuni inakitegemea sana. Ni vifuko vidogo vyeupe, kama vya majani ya chai ya mwanasesere, vimepangwa ndani ya kikopo cha duara. Mtu anaweka kimoja kati ya mdomo na ufizi, anaendelea na shughuli zake. Hakuna moshi, hakuna kutema. Kuna ladha ya nanasi na ya mnanaa.

Dereva atakuletea boksi moja. Angalia kifuniko: maneno yote ni yangu. Utaniona huko kabla hujaniona mimi.

Msalimie Karani. Mwambie siku hizi sitishi tena.

Mjukuu wako,
Mke mdogo


Dukani, 8 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako imesomwa mara tatu, ya tatu mbele ya wateja.

Boksi limefika. Karani amenisomea kifuniko: "Haina moshi. Haina tumbaku. Haina nikotini. Ni burudani yako." Nikamwambia arudie. Mtoto niliyemfundisha kushika kalamu kwenye gunia la mchele leo ameandikwa kwenye bati! Nimevipanga ndani ya kabati la kioo, pembeni ya peremende, ambako hata mtu aliyefuata kiberiti lazima avione. Kila anayeingia namwambia haya ni maneno ya mjukuu wangu. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara amesema una mkono mwepesi. Mke wa mchoma mkaa amenunua viwili kwa ajili ya maneno tu, vifuko vyenyewe kamwachia mumewe.

Yule wa sharubu tatu naye alikuja. Nikanyoosha mkono kuchukua daftari, Karani akasema, "Lakini Bibi, sheria si ni ya nikotini? Na hapa imeandikwa haina." Nikaona kweli. Mjukuu wangu hawezi kuandika uongo kwenye bati. Nikalirudisha daftari mahali pake na kumpa kikopo chake. Hakuamini. Kesho yake alirudi na darasa zima.

Na huyu Karani leo amezikataa biskuti, anasema zimemchosha, anataka kikopo cha nanasi. Nimempa, ndiyo tuzo yake kuanzia sasa, kwa barua na kwa hesabu za duka anazonisomea kila wiki. (Ni tamu. Inawasha ufizi kidogo na kichwa kinakuwa chepesi, halafu inaisha. Karani.)

Bibi yako anayejivuna,
Mke mkubwa


Chumbani kwangu, 20 Machi

Shikamoo Bibi,

Sisi huku wazima. Hii ni fupi, nina kazi ya kumalizia.

Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Mkuu wa mauzo amesikia habari za kabati lako la kioo, anasema duka lako ni mfano wa kuigwa, na amekuongezea maboksi mawili.

Kwa Karani, nadhani biskuti zinatosha, Bibi. Ile ladha si nzuri sana kwa meno ya mtoto. Ni wazo langu tu.

Jitunze goti.

Mjukuu wako


Dukani, 2 Juni

Mke mwenzangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Unaona mwandiko umekuwa kama njia ya konokono. Naandika mwenyewe, na Karani hajui. Kila neno nalitafuta kwa lenzi niliyoazima kwa fundi saa. Kwa hiyo sitazunguka.

Karani si yule. Ametimiza kumi na minne mwezi uliopita, nikamkatia kipande cha keki, hakukimaliza. Asubuhi nikifungua mlango namkuta amesimama nje na mkoba wa shule, mguu mmoja umekanyaga mwingine, anasema amepita kunisalimia tu. Mchana anapita tena. Barua hakuna, lakini anauliza kama hakuna barua ya kuandika. Ukimwambia neno dogo anafoka, halafu analia kwa kuwa amefoka. Mwalimu wake amemwandikia baba yake kwamba darasani hatulii, kila saa anaomba kutoka. Wiki iliyopita nilimkuta mkono wake umo ndani ya kabati la kioo. Hakukimbia. Alisema, "Bibi, nisamehe, kichwa kinaniuma nikikosa." Nilimkumbatia.

Wewe hukunijua enzi zangu za ugoro. Nilinusa miaka kumi na tisa. Siku niliyoacha, kwa siku ishirini na moja nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga: nakaa, nainuka, nazunguka nyumba, nagombana na sufuria. Naijua hali ile, na ndiyo niliyoiona kwa mtoto wa fundi.

Hilo nimelifanya mimi. Niliweka kitu mkononi mwake wiki baada ya wiki, nikiita tuzo. Kwa nini nilimpa? Kwa sababu kifuniko kilikuwa na maneno yako. Sikulaumu, nauliza. Kile kilichomo ndani ni nikotini, au si nikotini? Wewe ndiye uliyeandika.

Vikopo vyote nimevitoa kabatini, viko chini ya kitanda. Vijana wamehamia duka la kona.

Bibi yako


Ofisini, 14 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nimesikitika kusikia kuhusu Karani na ninamtakia nafuu ya haraka.

Kuhusu swali lako, kwa mujibu wa maelezo ya kitaalamu tuliyopewa, bidhaa hii haina nikotini kama neno hilo linavyotumika kwenye sheria. Bidhaa imepimwa na inakidhi masharti yote yaliyopo. Mauzo yake hayafungwi na umri wa mnunuzi, ingawa kampuni huwahimiza wauzaji kutumia busara. Dalili unazozieleza zinaweza kusababishwa na mambo mengi, ikiwemo uchovu wa masomo.

Nitajitahidi kukupigia simu.

Mjukuu wako


Dukani, 29 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa lenzi mchana kutwa. Maneno nimeyaona mengi, wewe mwenyewe sikukuona humo.

Nimekulea tangu una miaka mitatu. Ukidanganya huwa unaongea kama redio.

Nilitaka ndiyo au hapana. Bado nangoja.

Bibi yako


Chumbani kwangu, 3 Agosti

Shikamoo Bibi,

Najua zimepita wiki tano. Dereva alinipitia mara mbili akitaka barua, mara zote mbili nilimwambia sijamaliza. Kumbe sikuwa nimeanza. Naomba barua hii usimpe Karani akusomee. Mpe fundi saa, au uisome mwenyewe pole pole.

Jibu ni hili: kwa jina si nikotini, lakini kwa kazi yake ni nikotini.

Baada ya barua yako fupi nilishuka ghalani kumtafuta mkemia wa kampuni, mzee mpole anayekula chakula chake peke yake juu ya maboksi. Nilimuuliza kama ulivyoniuliza wewe. Alifunga kwanza chombo chake cha chakula, akanieleza kwamba dawa iliyomo kwenye vifuko imetengenezwa maabara kwa kuchukua umbo la nikotini na kuligeuza mahali padogo tu. Sheria inaitaja nikotini kwa jina, kwa hiyo hii haiguswi. Akasema, "Kwa sheria ni mgeni, lakini mwili unamjua ni yuleyule." Nikamuuliza kama inashika mtu vilevile. Akasema hana uhakika na kipimo, huenda inashika zaidi, na hakuna aliyemwagiza apime.

Ningeweza kukuambia kwamba nilidanganywa kama wewe. Si kweli, Bibi. Sikujua yote, lakini nilijua kwamba kuna kitu nisichotaka kukijua. Nilipoandika kile kifuniko mara ya kwanza kilikuwa na mstari wa nne: "Haiuzwi kwa aliye chini ya miaka kumi na minane." Niliuweka bila kuambiwa, nadhani kwa ajili ya daftari lako. Mkuu wa mauzo alisoma, akatabasamu, akaukata kwa kalamu nyekundu. Alisema sheria haituombi, sasa tunajipiga wenyewe kwa nini? Nikacheka naye. Nilicheka, Bibi. Nilikuwa na wiki tatu kazini baada ya miezi saba ya kusaga soli, na niliogopa kile kiti kuondoka chini yangu.

Halafu ikaja barua yako ya kabati la kioo, kwamba umelirudisha daftari mahali pake kwa sababu mjukuu wako hawezi kuandika uongo. Usiku ule nilijua nifanye nini. Nikakuandikia habari za meno.

Sijui nimwambie nini yule mtoto. Nimeona haya hata kuandika jina la utani ulilompa. Mwambie baba yake kwamba ni mimi. Ulisoma maneno yangu tu, wewe huna kosa.

Mjukuu wako


Dukani, 17 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sasa nimekuona.

Barua nimempa Karani aisome. Najua ulisema nisimpe. Lakini kilichozungumzwa humo kilikuwa kinywani mwake, wala si mwa fundi saa. Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mizani. Alipofika pale uliposema asipewe alipasoma pia, akaendelea mpaka mwisho bila kuruka neno. Kisha akakunja karatasi vizuri akaniuliza, "Kwa hiyo Bibi, si kwamba mimi ni mtoto mbaya?"

Miezi yote ile alikuwa anajiona hana akili. Anajiambia kila asubuhi hatakuja, halafu anajikuta mlangoni kwangu, basi akaamua kwamba ndani yake kuna kitu kibovu. Nilikaa kwenye gunia nikalia mbele yake. Sikumbuki mara ya mwisho kulia mbele ya mtoto.

Nilichukua daftari kwapani, nikamshika mkono, tukaenda kwa baba yake. Fundi alikuwa anashona shati la shule. Alinisikiliza bila kusimamisha cherehani, mpaka nilipofika kwenye tuzo. Hapo akaondoa mguu. Akasema, "Mama, wewe ulimnyima mwanangu mkubwa sigara mpaka siku aliyotimiza umri, na mimi nilikusifu kwa watu. Huyu umempa kwa mkono wako." Nilitaka kumfungulia daftari nimwonyeshe siku aliyozaliwa bintiye, mkono ukakataa. Ukurasa upo, lakini siku ya kuuangalia sikuuangalia.

Sikukutaja, na usinifundishe la kusema. Wewe uliandika, mimi nilitoa. Kila mmoja abebe lake, lako bado liko hapo mlangoni kwako. Fundi amesema binti asikanyage dukani kwa sasa. Ana haki. Kwa hiyo utaniwia radhi kwa mwandiko huu wa konokono, ndio utakaousoma mpaka hapo fundi atakapoona vingine.

Vikopo vya chini ya kitanda nimevirudisha kwa dereva. Lakini duka la kona wanaviuza kama njugu, na wenye duka wale hawana makosa, kifuniko kinawaruhusu. Fundi saa amesikia kwenye redio kwamba kuna kamati inapita kukusanya maoni, wanataka sheria ya umri iguse hivi vitu vinavyojifanya ndugu wa mbali. Inakaa huko huko uliko. Mimi ni kikongwe mwenye lenzi ya kuazima, nikisema watanipa maji ya kunywa na kunishukuru. Wewe ndiye uliyeandika mstari wa nne, na unajua aliyeukata na rangi ya kalamu yake.

Nataka vitu viwili. Uniandikie mstari huo kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, niubandike kwenye kabati. Na uende ukawasomee wao pia. Najua utakachopoteza. Miezi saba ile nilikuwa nakuombea kila jioni, usidhani nimeisahau.

Bibi yako


Chumbani kwangu, 9 Septemba

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti linakusikia. Mimi mzima, nimelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Nimekwenda. Ulikuwa ukumbi wa kawaida, viti vya plastiki, meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, watu watano nyuma yake. Walionitangulia walikuwa mwalimu mmoja na daktari wa meno, nao walisema vizuri kuliko mimi. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nikasoma kifuniko, mistari mitatu, kisha nikasoma na wa nne. Mama mmoja wa kamati akauliza maneno hayo ameyaandika nani. Nikasema ni mimi. Akauliza wa nne nani ameuondoa. Nikasema ameukata mkuu wangu, na mimi nilikuwepo nikacheka. Nikawaeleza na habari za daftari la sabuni, na msichana wa miaka kumi na minne ambaye hayumo kwenye maelezo ya kitaalamu. Jina sikulitaja.

Hawajaamua kitu, Bibi, nisikudanganye tena. Wanafikiria kuongeza maneno kwenye sheria: "na kitu chochote kinachofanya kazi ya nikotini mwilini, kwa jina lolote." Inaweza kuchukua mwaka. Mkemia alinitumia ujumbe jioni ile, amesema naye amewaandikia. Wengine ofisini hawajanisalimia tena.

Nimemwaga unga. Kesho yake nilikuta droo imefunguliwa na vitu vyangu vimepangwa ndani ya boksi, boksi la vikopo vya nanasi. Nadhani hawakukusudia. Feni ilikuwa inaendelea kutikisa kichwa.

Mstari wako nimeuandika kwenye kadi ngumu, dereva ameubeba pamoja na barua hii. Ipo na bahasha ya fundi cherehani, nimemwandikia kila kitu, na nyingine ndogo ya Karani. Hiyo ya Karani ina maneno mawili matatu ya kuomba radhi. Niliandika kurasa nne nikazichana.

Sina kazi, na nimebakisha mwezi mmoja wa chumba. Ningerudi, lakini naona aibu kupita mlango wa tatu.

Mjukuu wako


Dukani, 28 Septemba

Mke mwenzangu mpenzi,

Marahaba, na nasema tena marahaba kwa sauti, wateja wamegeuka. Hujambo? Sisi huku hatujambo, goti ndilo hilo hilo.

Umeona mwandiko? Fundi alikuja mwenyewe leo, bahasha yako mkononi, bintiye nyuma yake. Alisimama pale kwenye kabati akaisoma kadi yako kuanzia juu mpaka chini kama anapima kitambaa. Niliibandika kwa gundi ya karatasi, ikawa imeinama upande mmoja. Akaibandua, akatoa futi yake ya kupimia shingoni, akapima na kuibandika tena imenyooka. Kisha akasema anamwachia binti kwa saa moja, barua moja. Kuhusu wewe hakusema mengi. Alisema, "Akija, apite kwangu kwanza." Sijui atakuambia nini, lakini alisema akija, hakusema asije.

Karani hajapona kama mtu anavyopona mafua. Ameanza kuhesabu siku mara tatu, mara mbili akarudi nyuma, mara ya pili alikipata kikopo kwa rafiki yake wa duka la kona. Safari hii ameniambia mwenyewe kabla sijamuuliza. Tumekubaliana kwamba akifika siku ya ishirini na moja nitamwonyesha mahali nilipouzika ugoro wangu wa mwisho, siri ambayo hata mume wetu alikufa haijui.

Sasa lako. Juzi nilikuwa napekua daftari, nikaona kitu cha ajabu. Watoto wote wa mtaa huu wamo isipokuwa wewe. Ulizaliwa mbali, ukaletwa kwangu una miaka mitatu na meno yote, nikasahau kwamba hujawahi kupata sabuni yako. Leo Karani amefungua ukurasa mpya na kuandika siku uliyozaliwa, na mbele yake nimeweka alama yangu. Ndani ya furushi hili kuna mche mmoja. Usianze kuutafutia maana kama mtu aliyesoma sana. Ni sabuni, ogea.

Ukishaoga, funga sanduku. Dereva ana nafasi mbele Alhamisi. Kuna mtu anatakiwa kunisomea vifuniko vyote vinavyoingia humu dukani, mstari kwa mstari, kabla sijavipanga, na macho yangu yamekuchagua wewe. Aibu yako njoo nayo tu, tutaitafutia mahali pa kukaa.

Mume wetu anakusalimu kutoka ukutani.

Ni mimi bibi yako,
Mke mkubwa

(Bahasha yangu nimeipata. Leo ni siku ya kumi na tisa. Kwa barua hii nimechagua biskuti. Karani.)